Ziada ya Mizani

Mwaka 2011 nilikuwa naezeka nyumba yangu hapa Rwamgasa. Nilikwenda kununua mabati katika duka la vifaa vya ujenzi, kwenye mji mmoja wa jirani ambao sitautaja, wala duka lenyewe sitalitaja. Bei ilikuwa shilingi 13,000 kwa bati moja, nami nilihitaji mabati 30. Kijana wa dukani aliyahesabu mbele yangu, akasaidiana na utingo kuyapakia kwenye pikapu, kisha akainama kuandika stakabadhi. Akanitajia shilingi 260,000. Alikuwa ameandika mabati 20.

Wengi wanaosimulia mambo ya namna hii husema waligundua kosa walipofika nyumbani. Mimi nitasema kweli: nililigundua pale pale. Hesabu yangu nilikwisha kuipiga tangu jana yake, na shilingi 390,000 zilikuwa tayari mfukoni, zimefungwa kwa mpira. Nilihesabu 260,000, nikampa, akaniambia, "Ahsante mwalimu, karibu tena." Nikapanda gari. Njia nzima nilijieleza mambo mengi: kwamba pengine bei imeshuka, kwamba pengine mwenye duka amenipunguzia kwa kuwa namfundishia mtoto, kwamba sikusema uongo wowote. Hilo la mwisho ndilo lililonipa faraja zaidi, maana lilikuwa kweli. Sikusema neno lolote.

Nimeishi na jambo hilo kwa miaka mingi, na kila nilipolifikiri nimejikuta narudi kwenye historia ya sehemu zetu hizi, kwa sababu sidhani kama ipo nchi ambayo mizani imeleta maneno mengi kama huku. Kabla ya kuwa watu wa dhahabu tulikuwa watu wa pamba, na pamba, kama dhahabu, haina thamani mpaka mtu mwingine aipime na kutaja namba.

Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa Usukuma alibeba mzigo wake wa pamba kichwani au kwenye baiskeli mpaka kwenye kituo cha mnunuzi. Mizani ilikuwa ya mnunuzi. Karani aliyeisoma alikuwa wa mnunuzi. Kitabu kilichoandikwa kilikuwa cha mnunuzi, na wakulima wengi hawakujua kusoma namba. Malalamiko kwamba ratili zinapotea katika safari fupi ya kutoka kwenye ndoano ya mizani hadi kwenye karatasi yalienea kote, kuanzia Ukerewe hadi Geita na Maswa. Wakulima hawakwenda kuvunja maduka. Walifanya jambo la akili zaidi: walianza kuweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito kabla pamba haijafika kwa mnunuzi. Kutokana na fadhaa hiyo ya mizani, vyama vya wakulima vikazaliwa, na kijana mmoja aliyeitwa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika, akawa kiongozi wao. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, na haukupita muda chombo hicho kikahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima. Kinu cha kuchambulia pamba cha Kasamwa, huku huku Geita, kilikuwa miongoni mwa vinu vya mwanzo vya wakulima wenyewe.

Historia hii husimuliwa kama hadithi ya wezi na walioibiwa, nami sina haja ya kuibadili. Lakini ndugu msomaji, tumtazame mtu mmoja ambaye katika hadithi hiyo hatajwi. Tuseme karani amepunguza ratili moja tu kwa kila mkulima, na kwa siku wamekuja wakulima 200. Jioni kutakuwa na pamba ya ratili 200 ghalani ambayo haimo kitabuni. Baada ya miezi mitatu ya ununuzi ziada hiyo ni kubwa kiasi kwamba haiwezi kufichika. Mwenye kinu anapokea pamba nyingi kuliko aliyoilipia. Yeye hajagusa mizani. Hajamwagiza karani afanye lolote. Pengine hajui hata sura ya mkulima mmoja. Ila vitabu viko mbele yake, na vinamwonyesha kwamba amepata kitu asichokilipia, naye anafunga kitabu, anazima taa, anakwenda kulala. Mtu huyo tumwiteje? Mwizi siyo, kwa maana ya kawaida ya neno. Ni mtu aliyenyamaza.

Ningependa kusema kwamba ushirika ulipoingia mambo hayo yalikwisha. Hayakwisha. Mwaka 1966 Rais aliunda Kamati Maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, na miongoni mwa manung'uniko iliyoyakuta kwa wakulima ni yale yale ya zamani ya kupunjwa kwenye mizani, mara hii na makatibu wa vyama vyao wenyewe. Chombo kile kikubwa cha Victoria kilibadilishwa, kikawa Nyanza. Wakulima nao hawakuwa malaika. Wapo waliomwagia pamba maji usiku ili ilale na uzito, na wapo waliotia mchanga ndani ya gunia. Ukiwauliza walisema wanarudisha kile walichoibiwa msimu uliopita. Hoja hiyo nitaijia, kwa kuwa ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na nilipokuwa ndani ya ile pikapu niliitumia mimi mwenyewe.

Kwanza tuangalie sheria inasemaje, ingawa hapa sitakaa sana, maana sheria katika jambo hili ina sauti moja. Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 1961, iliyofuata sana ile ya India ya mwaka 1872, inamtaka mtu aliyelipwa fedha au kupewa kitu kwa makosa akirudishe. Huko Uingereza kulikuwa na kesi mashuhuri mwaka 1841, iitwayo Kelly v Solari. Mtu mmoja alikuwa amekata bima ya maisha, akaacha kulipa ada moja kabla ya kufa, bima ikavunjika. Wakurugenzi wa bima walijulishwa, kisha wakasahau, wakamlipa mjane wake takriban pauni 200. Walipokumbuka wakazidai. Mahakama ilisema kwamba fedha iliyotolewa kwa kudhani jambo lisilo la kweli yaweza kudaiwa, hata kama aliyeitoa alikuwa mzembe wa kutoangalia. Mtu anaweza kumwonea mjane yule huruma, nami namwonea. Lakini tazama kwamba uzembe wa mwenye kukosea haugeuzi mali yake kuwa yako. Sisi husema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo humwonya mwenye mali, haimpi ruhusa aliyeiokota.

Dini nazo hazikuacha nafasi. Waislamu wanayo sura nzima katika Kurani, ya 83, inayobeba jina la wale wapunjao vipimo, na Wakristo wamesoma katika Biblia zaidi ya mara moja habari za mizani ya udanganyifu. Hata hivyo maandiko haya yanamsema zaidi anayepunja kwa mkono wake. Swali la anayenyamaza ni jembamba zaidi, na mtu ninayemjua aliyelichambua kwa makini ni Mrumi Cicero, katika kitabu alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo juu ya wajibu wa mtu. Anatoa mfano wa mfanyabiashara aliyeleta nafaka katika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, naye anajua kwamba merikebu nyingine nyingi za nafaka ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anawaweka wanafalsafa wawili wabishane. Diogenes wa Babeli anasema kutosema siyo kuficha. Muuzaji atimize tu yale ambayo sheria inamtaka ayaseme. Mwanafunzi wake Antipater anamjibu kwamba binadamu wote ni jamaa moja, na asiyemwambia mwenzake jambo ambalo lingemfaa, kwa ajili ya faida yake, amekwisha kuukana ujamaa huo.

Kisha unakuja mfano ambao nilipousoma nilicheka peke yangu, maana ni kama uliandikwa hapa. Mtu anauza dhahabu, naye anadhani anauza shaba. Je, mtu mwema amwambie kwamba hiyo ni dhahabu, au ainunue kwa dinari moja ilhali thamani yake ni dinari elfu?

Kwa mtu wa Roma huenda lilikuwa zoezi la darasani. Rwamgasa ni jambo la kila siku, na jina lake ni marudio.

Nieleze kwa wasiojua. Mchimbaji mdogo akitoa mawe kwenye duara huyatia kwenye viroba, akayapeleka kwa mwenye karasha yasagwe yawe unga. Unga ule huoshwa kwa maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia au kitambaa kizito, ili dhahabu, kwa kuwa ni nzito, ibaki. Kilichobaki huchanganywa na zebaki, kikakamuliwa kwenye kitambaa, kikachomwa, zebaki ikapaa hewani pamoja na madhara yake, na dhahabu ikabaki. Ndiyo sababu kijiji chetu kilijulikana hata huko ng'ambo: kati ya mwaka 2002 na 2007, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, UNIDO, liliendesha mradi wa kupunguza madhara ya zebaki katika nchi sita, na kwa upande wa Tanzania Rwamgasa ilikuwa mahali pa kazi hiyo. Wataalamu walipima zebaki, wakawapima na watu.

Lakini zebaki haikamati dhahabu yote. Mara nyingi haifikii nusu. Ile iliyo laini kama vumbi, na ile iliyojificha ndani ya mchanga, hupita na maji. Mchanga huo uliokwisha kuoshwa ndio huitwa marudio, na kwa desturi ya mialo mingi huachwa hapo hapo, ukawa wa mwenye karasha. Mchimbaji akishapata gramu zake mbili tatu hufuta jasho, akaondoka. Kwake yeye kilichobaki ni taka, na akiona imehesabiwa kuwa sehemu ya malipo ya kusagiwa hudhani amepata nafuu. Baadaye watu wenye matangi ya saianaidi huja kuununua mchanga ule kwa tani, wakauchenjua, na mara nyingine dhahabu inayotoka humo hushinda ile aliyoondoka nayo mchimbaji.

Mwenye karasha anajua. Hakudanganya mizani. Hakuna stakabadhi aliyoandika vibaya. Mchimbaji ndiye aliyejikosea mwenyewe kwa kutojua, akamlipa mwenzake zaidi ya alivyokusudia, na mwenzake akanyamaza. Nimewahi kumwuliza mzee mmoja mwenye karasha mbili kama hilo halimsumbui. Aliniangalia kama mtu anayemtazama mtoto. "Mwalimu," alisema, "mimi nilijifunza kwa kupoteza. Kwa nini mwingine ajifunze bure?" Jibu hilo lina Diogenes mzima ndani yake. Nilipotafakari zaidi niliona pia kwamba lina kasoro moja. Mzee alijua uchungu wa kupoteza, na uchungu ule ndio aliougeuza kuwa leseni.

Sikuhizi elimu imeenea, wachimbaji wengi wanajua maana ya marudio, na wapo wanaoyadai au kuyauza wenyewe. Siku ile walipojua, nafuu iliyosimama juu ya kimya ilianza kupungua.

Sasa niirudie ile hoja yenye nguvu. Watu wa huku husema: sisi tumepunjwa na wakubwa vizazi na vizazi, basi kosa likitokea upande wetu ni haki inayorudi nyumbani. Haifai kuidharau. Wakoloni walichimba Geita tangu miaka ya 1930 mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1966, na ukiuliza vijiji vya jirani vilibaki na nini utapata jibu fupi. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000, na kelele za nani anapata nini hazijanyamaza. Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia, pale makontena 277 ya mchanga wa madini yalipozuiwa, Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Mruma, na baadaye ile ya Profesa Osoro, zilisema kwamba thamani iliyokuwa ikitangazwa ilikuwa ndogo mno kuliko iliyomo. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, ilikana. Ikaandikiwa madai ya kodi ya dola bilioni 190, kiasi ambacho sijui kama kuna mgodi duniani ungeweza kukilipa, na hatimaye mambo yakamalizwa kwa Barrick kukubali kulipa dola milioni 300 na serikali kupata hisa asilimia 16 katika kampuni mpya ya Twiga. Kati ya bilioni 190 na milioni 300 kila mtu achague anapoamini ukweli ulipo. Ninachokiona mimi ni kwamba mtu wa kawaida alitoka katika habari ile akiwa ameamini jambo moja, yaani kwamba ankara za wakubwa hazisemi kweli. Na aliyeamini hivyo hataona sababu ya stakabadhi yake ndogo kusema kweli.

Mwaka uliotangulia tulikuwa na habari ya wafanyakazi hewa. Uhakiki ulionyesha majina zaidi ya 10,000 katika orodha ya mishahara ya serikali ambayo hayakustahili kuwapo. Baadhi yalikuwa ya kughushi kabisa, hilo ni wizi na liende kwa polisi. Ila wapo pia walioacha kazi au kustaafu, mshahara ukaendelea kuingia benki, nao wakawa wanakwenda kuutoa kila mwezi bila kumwambia mtu. Walikuwa wamekosewa kwa upande wa faida. Nimewasikia watu wema wakiwatetea kwa maneno yale yale ya pikapu yangu: hawakudanganya, hawakuomba, serikali ni tajiri, serikali yenyewe inatudai mangapi?

Udhaifu wa hoja hii hauko katika historia yake. Historia yake ni kweli tupu. Udhaifu uko katika anwani. Kosa la hesabu haliendi kumwangukia aliyetupunja. Hutafuta mtu wa chini aliye karibu. Karani wa pamba aliyekutwa na upungufu alikatwa mshahara wake, siyo wa mwenye kinu. Tazama hata fedha zinazotumwa kwa simu, mambo yaliyoingia kwetu mwaka 2008. Mtu anakosea tarakimu moja, shilingi 50,000 za dawa ya mama yake zinaingia kwa mgeni wa Kahama, na huyo mgeni anakwenda mbio kwa wakala kuzitoa kabla simu ya kuomba haijaja. Yeye anadhani ameipata kampuni. Kampuni haina habari.

Machi 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu Geita, la kwanza la namna yake nchini, na baadhi ya kodi zilizokuwa zikiwakimbiza wachimbaji wadogo kwenye njia za magendo zikafutwa. Muuzaji anaona tarakimu za mizani, bei ya siku iko wazi, na mwenye shaka anaweza kupima tena. Ni jambo kubwa. Waliohangaika na ndoano za pamba mwaka 1950 wangelipokea kwa vigelegele. Lakini mizani ya kielektroniki haisemi yenyewe mtu anapoandika 20 badala ya 30.

Nilikaa na zile shilingi 130,000 kwa majuma matatu. Sikuzitumia, wala sikuzirudisha. Niliziweka ndani ya kitabu cha hesabu cha darasa la sita, kwa sababu ambayo hata leo siielewi. Juma la nne nilipanda basi dogo, nikaenda. Yule kijana hakuwapo. Mwenye duka alinikaribisha kwa heshima, akaniagizia soda. Nikaeleza habari yangu, nikasema kosa nililiona nikiwa nyumbani, na huo ndio uongo pekee niliousema katika shughuli nzima. Alisikiliza, akafungua daftari, akafuata safu kwa kidole mpaka akaifikia tarehe.

"Kumbe ni hii," alisema. "Tulihesabu stoo tukakuta mabati 10 hayapo. Nilimkata yule bwana mdogo mshahara wa miezi miwili, akaona bora aondoke. Nasikia ameingia maduarani huko kwenu."

Akazihesabu zile noti mara mbili, akanishukuru sana, akasema watu kama mimi wamebaki wachache. Kisha akazitia kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo. Niliingoja aseme kwamba atamtafuta kijana amrudishie chake. Hakusema. Nilikuwa na neno mdomoni, nalo lilikuwa rahisi: nipe mimi nimpelekee, nakaa huko huko. Lakini nilikuwa nimekwisha kusifiwa, na soda yake ilikuwa mkononi mwangu. Nikamaliza kuinywa, nikaaga, nikaenda kituoni kungoja basi.

Yule kijana nilimwulizia katika maduara mawili hivi, siku za mwanzo. Jina lake la dukani hakuna aliyelijua, kwani huko watu hupewa majina mengine. Nyumba ingali imesimama. Mvua ikinyesha naweza kulala upande wa chumba nikaangalia juu na kuyahesabu, kwa kuwa sikuweka dari: safu mbili za mabati 15.